Jina kwenye hati: mume akifa, shamba ni la nani?

Msimu wa kampeni ukifika utasikia ahadi hii jukwaani: akina mama watapewa ardhi. Upande wa pili unajibu kwamba mila zetu haziruhusu. Makofi kote kote. Mimi naona wote wanaruka kipande kimoja cha historia, kwa hivyo wadau, hebu tukae nacho kidogo.

Turudi 1954. Katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la Roger Swynnerton wa idara ya kilimo. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa, hasa Mkoa wa Kati kwanza. Rejista ilitaka jina la mwenye shamba, na mara nyingi sana likaandikwa la mwanamume.

Na kabla ya hapo? Tusidanganyane eti mjane alikuwa anastarehe. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na sehemu nyingi alitarajiwa kurithiwa na shemeji. Lakini kwa Wakikuyu au Waluo, kwa mfano, mke alitengewa konde lake, akalima, akalisha watoto wake, na kifo cha mume peke yake hakikumwondoa hapo. Wazee walijua, majirani walijua. Haki hiyo haikuandikwa kwenye rejista.

Kisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikampa mwenye jina umiliki kamili. Angeweza kuuza, na mke akapata habari siku mnunuzi anapokuja kuweka ua.

Sheria ya Urithi ilipitishwa 1972 lakini ikaanza kazi Julai 1981. Miaka tisa! Ilimpa mjane haki ya kutumia mali maisha yake yote, ila akiolewa tena, haki ilikuwa inaisha. Mwanamume aliyefiwa na mke hakuwekewa sharti hilo. Hiyo si mila, jameni. Ni bunge.

Sasa nyumbani. Baba alipofariki, shida ya kwanza haikuwa mashemeji, ilikuwa chai. Namba ya mkulima ilikuwa yake, akaunti ya bonasi pia. Majani hayangoji matanga yaishe, kwa hivyo mama alichuma akawa anapeleka kwa namba ya jirani, halafu wanagawana. Ukipenda uite kuibiwa. Sisi karo ililipwa.

Halafu tukagundua hati bado iko kwa jina la babu. Maana yake ni kesi mbili za urithi: babu kwanza, ndipo baba. Barua ya chifu, kortini, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya kuthibitishiwa. Hapo nimepiga hesabu ya familia isiyogombana. Yetu iligombana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya ardhi kwa akina mama, msimuulize kama anaunga mkono. Muulizeni nauli ya kwenda kortini mara kumi na ada ya wakili vitatoka wapi, na mjane atauza chai kwa namba ya nani wakati huo wote.

Mama yangu alingoja miaka minne.