Farasi wenye ukoo, wapagazi wasio na majina

Ndugu msomaji, nikuulize swali dogo. Mara ya mwisho ulimwona lini farasi ana kwa ana? Kama unaishi Dar es Salaam pengine utasema ulimwona kwenye gwaride, yule wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi. Kama unaishi Newala au Masasi, nina hakika wengi watajibu: kwenye televisheni, au kwenye picha. Lugha yetu inamjua sana farasi, na hadithi za zamani zimejaa wafalme na farasi wao. Lakini huku kusini farasi mwenyewe ni mgeni.

Leo nataka kueleza kwa nini. Na nitakuomba uvumilivu, maana habari yenyewe inaanzia mbali kidogo, Uingereza, kabla ya kufika Lukuledi.

Kuna aina ya farasi wanaoitwa Thorobredi. Ndio hawa wa mashindano ya mbio. Wote duniani, ukifuata ukoo wao upande wa baba, wanaishia kwa madume matatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk mwishoni mwa karne ya 17, Darley Arabian aliyenunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704, na Godolphin Arabian aliyezaliwa karibu mwaka 1724. Hawa walipandishwa kwa majike ya Uingereza, watoto wakachaguliwa kwa kipimo kimoja tu: nani anakimbia zaidi. Mwaka 1791 Waingereza wakaanza kuchapisha kitabu cha nasaba za farasi hao. Tangu hapo, farasi ambaye jina la baba na mama yake halimo katika kitabu cha namna hiyo hahesabiwi kuwa Thorobredi, hata akikimbia kama upepo. Leo wengi mno kati yao, zaidi ya tisa katika kila kumi, wanafuatia kwa Darley Arabian kupitia dume mmoja aliyeitwa Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764. Yaani miaka zaidi ya 300 ya ukoo, jina kwa jina. Sisi wengine hata jina la babu wa babu hatulijui!

Damu hiyo haikubaki kwenye mbio. Farasi wa kuruka viunzi na wa michezo ya Olimpiki wana damu hiyo pia. Wajerumani walikuwa na mashamba makubwa ya kuzalisha farasi, Trakehnen tangu miaka ya 1730 na Celle tangu 1735. Farasi wao walikuwa na nguvu za kuvuta mzigo na kubeba askari. Walipotaka mwepesi zaidi, mwenye pumzi na moyo, walileta dume la Thorobredi. Perfectionist, dume kutoka Uingereza, alifika Trakehnen mwanzoni mwa karne ya 20 akamzaa Tempelhüter, ambaye sanamu yake ilitengenezwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia trekta lilipochukua kazi ya shamba, wafugaji walilazimika kugeuza farasi wa jembe kuwa farasi wa michezo, na njia ilikuwa ile ile. Huko Holstein watu wa farasi bado wanawataja Cottage Son na Ladykiller, madume wawili wa Thorobredi waliobadilisha kizazi kizima.

Na michezo yenyewe ilitoka jeshini. Ule mchezo wa siku kadhaa, wa kuruka, kukimbia porini na kuonyesha utii, uliingia Olimpiki mwaka 1912 huko Stockholm, na kwa miaka mingi waliruhusiwa kushindana maofisa wa jeshi peke yao. Ulikuwa mtihani wa farasi wa vita. Kwa hiyo ukitaka kujua damu hiyo ilipimwa vipi kweli kweli, usiangalie uwanja wa michezo. Angalia vita. Na hapo ndipo tunafika nyumbani.

Kabla ya vita, kumbuka kwamba pwani yetu nayo ilihusika na farasi wazuri. Mwaka 1840 Sayyid Said wa Unguja na Maskati alituma meli yake Sultana hadi New York, chini ya Ahmad bin Naaman. Miongoni mwa zawadi kwa Rais wa Marekani, Martin Van Buren, walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria haikumruhusu Rais kupokea zawadi kama hizo kwa ajili yake mwenyewe, likawa suala la Bunge lao. Kwa hiyo farasi wa kifahari walikuwapo katika dola iliyokuwa na makao yake Unguja. Lakini ukivuka kuingia bara, misafara ilikwenda kwa miguu. Mzigo ulikaa kichwani mwa mtu.

Kwa nini? Jibu ni mdudu. Mbung'o, wengine humwita ndorobo. Mwaka 1895 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa Zululand, aligundua kwamba ugonjwa wa nagana unatokana na vijidudu vya damu, na kwamba mbung'o ndiye anayevisambaza. Ng'ombe anaugua nagana, anakonda, na wengine wanakufa. Farasi ni dhaifu zaidi. Anapata homa, anavimba miguu na tumbo, anaishiwa damu, basi. Juu ya hapo kuna ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, ambao unaweza kumuua kwa siku chache tu. Pori la mabonde ya Lukuledi na Ruvuma lilikuwa na mbung'o wa kutosha.

Ongeza maji. Uwanda wa Makonde anaujua aliyezaliwa huko. Simama Newala pale Shimo la Mungu utazame chini bonde la Ruvuma, utaelewa. Maji yako chini, watu wako juu. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala wamepanda na kushuka mteremko ule na maji kichwani. Farasi mmoja wa kazi, kwenye joto, anakunywa lita 30, 40 na zaidi kwa siku. Nani angemtekea?

Sasa vita. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na wapanda farasi wa Afrika Kusini. Walikuwa wamezoea nyika za kwao, ambako farasi ndiye mfalme wa vita. Na farasi wao walikuwa na damu ya Thorobredi: gavana wa Cape, Lord Charles Somerset, aliyetawala kuanzia 1814 hadi 1826, alileta madume ya Kiingereza kuboresha farasi wa koloni lile. Jenerali van Deventer aliwaendesha wapanda farasi wake hadi Kondoa Irangi Aprili 1916, katikati ya masika. Walifika, lakini mamia ya farasi walibaki njiani. Kufikia mwisho wa mwaka huo farasi, nyumbu na punda waliokufa katika vita hii walihesabiwa kwa makumi elfu. Waliletwa wengine, nao wakafa.

Mwaka 1917 vita ikahamia kwetu. Oktoba, huko Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, kulipiganwa vita ya siku nne ambayo Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wengi wao askari wa Nigeria na wa KAR. Mara baada ya hapo von Lettow-Vorbeck akashambulia misheni ya Lukuledi. Hapo palikuwa na wapanda farasi wa Kihindi, nao wakapoteza farasi wengi. Jeshi la India kwa miaka mingi lilinunua farasi wa Waler kutoka Australia, waliotokana na madume ya Thorobredi na majike ya huko. Ndiyo kusema ukoo wa Aleppo, uliopita Uingereza, ukazunguka dunia, uliletwa hadi pori la kusini mwa Tanganyika. Mwezi uliofuata von Lettow alipita Newala, akashuka bonde, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma pale Ngomano na kuingia Msumbiji.

Alivuka na nini? Na watu. Hakuwa na farasi wa kutegemea, wala waliomfuata hawakuwa nao. Risasi, unga, bunduki za mtombo zilizofunguliwa vipande vipande, vitanda vya maofisa, vyote vilibebwa na wapagazi. Mzigo wa kilo 25 hivi kila mmoja, juu ya chakula chake mwenyewe kama alikuwa nacho. Farasi alipokufa mzigo wake haukufa naye. Ulihamia kichwani mwa Mmakonde, Myao, Mmakua, Mngoni, na wengine wengi kutoka kila upande wa Afrika Mashariki na Kati. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hii. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, si kwa risasi. Hata Askofu Frank Weston wa Unguja, ambaye dayosisi yake wakati huo ilifika mpaka Masasi, aliongoza kikosi cha wapagazi mwaka 1916. Na jina la Kariakoo unajua limetoka wapi: kambi ya hao hao wapagazi.

Je, damu nyingine ingesaidia? Watu walijaribu. Mzee mmoja wa sayansi huko Scotland, James Cossar Ewart, alimpandisha pundamilia kwa farasi jike miaka ya 1890. Na Mjerumani mmoja, Bronsart von Schellendorff, alijaribu kukamata na kufuga pundamilia karibu na Kilimanjaro. Hoja yao ilikuwa na akili: pundamilia anaishi na mbung'o bila kufa. Lakini chotara wa pundamilia na farasi ni tasa kama nyumbu, huwezi kujenga ukoo juu yake. Na pundamilia mwenyewe hakukubali kuwa farasi. Afrika Magharibi wako ng'ombe wa N'Dama wanaoistahimili nagana, kwa sababu wamekaa nayo maelfu ya miaka. Mkulima wa korosho wa Newala anaielewa hoja hii bila kufundishwa na mtu. Mche mzuri ni ule uliochaguliwa kwa udongo wako na magonjwa yako, si ule wenye sifa mahali pengine.

Thorobredi alichaguliwa kwa mbio, basi akapata mbio. Hakuna aliyemchagua kwa mbung'o. Ndiyo maana Nairobi, kwenye baridi na juu ya mbung'o, mashindano yalianza mwaka 1904, na uwanja wa Ngong ulifunguliwa 1954. Masasi na Newala hazikuwahi kuwa nchi ya farasi.

Lakini kinachonikera si farasi. Mwaka 2004 huko London ilizinduliwa kumbukumbu ya wanyama waliokufa vitani, karibu na Hyde Park. Sina ugomvi nayo, walistahili. Dar es Salaam tunayo Sanamu ya Askari tangu 1927, na wapagazi wametajwa pale kwa ujumla wao. Kwa ujumla tu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi.

Fikiria hapo. Tunajua baba wa Eclipse alikuwa Marske. Tunajua Darley Arabian alinunuliwa mji gani na mwaka gani. Lakini kijana aliyetoka Newala na mzigo kichwani Novemba 1917, akashuka ule mteremko kuelekea Ruvuma na hakurudi, hatujui hata jina lake la kwanza. Farasi alikuwa na kitabu kwa sababu alikuwa na thamani ya fedha, na kila aliyemnunua alitaka kujua alichonunua. Mpagazi alikamatwa tu kijijini, akahesabiwa kama kichwa.

Waliowaona wapagazi hao kwa macho wamekwisha. Waliosikia kutoka kwao wamebaki wachache sana. Kama wewe unatoka Masasi, Newala, Tandahimba, Ndanda au Lukuledi, na nyumbani kuna bibi au babu anayekumbuka kuambiwa kwamba fulani wa ukoo wenu alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu, kaa naye jioni moja. Chukua daftari. Andika jina, jina la baba yake, na kijiji alichotoka. Hicho ndicho kitabu chetu cha ukoo, na kurasa zake bado ni nyeupe.