Oksijeni na Macho ya Watoto Njiti

Mwaka 1942 huko Boston, Marekani, daktari wa macho Theodore Terry alieleza jambo lililomshangaza. Watoto njiti walionusurika walikuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho, na hawakuona. Ajabu ni kwamba ugonjwa ulishamiri katika hospitali tajiri, zile zenye mashine za joto na mitungi ya oksijeni.

Mwaka 1951 Dk. Kate Campbell wa Melbourne, Australia, aliinyooshea kidole oksijeni yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1953 na 1954 ukathibitisha. Kufikia hapo watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao.

Basi madaktari wakaibana oksijeni. Lahaula! Watoto wengi zaidi wakafa, wengine wakapata ulemavu wa ubongo. Ikabidi kujifunza kuipima, na kuyachunguza macho.

Kwa nini nayasema haya nikiwa mkazi wa Nakwa, hapa Babati? Kwa sababu zamani kwetu ugonjwa huu haukusikika, na sababu yake ni chungu: mtoto wa kilo moja hakuishi. Alifungwa nguo, akalazwa karibu na moto, na mara nyingi akazikwa kabla ya kupewa jina. Leo wengi wanaishi. Wanapewa oksijeni, wanalelewa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Na ugonjwa wa Boston nao umepata njia ya kutufikia. Wenzetu wa Kenya walitoa mwongozo wao wa taifa wa uchunguzi huu mwaka 2018.

Ugumu uko kwenye kalenda. Siku ya kuzaliwa jicho halionyeshi kitu, maana mishipa yake ya damu bado inakua. Uchunguzi wa kwanza hufanywa baada ya wiki nne hivi. Wakati huo mama huenda amesharuhusiwa, yuko shambani anapalilia mahindi. Mtoto ananyonya, ananenepa, macho yanang'aa. Nani atapanda basi kwenda KCMC, Moshi, kilomita zipatazo 250, kwa mtoto asiyelia? Na ugonjwa ukishakolea, matibabu ya leza yanatakiwa ndani ya siku mbili tatu. Retina ikishabanduka, ni nadra mtoto kuona tena.

Kwa maoni yangu, tarehe ya macho iandikwe kwenye kadi ya kliniki siku ileile mtoto anapowekewa oksijeni, si siku mama anapofunga mzigo. Na nauli je? Hilo nawauliza waheshimiwa madiwani, maana bajeti hupita mikononi mwao.