Pepa Husahihishiwa Chini ya Mti

Msomaji, ukitaka kumjua mtahiniwa usimchungulie chumbani, mngoje nje. Hapa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mtihani wa kidato cha sita siku hizi huangukia mwezi Mei, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa. Upande huu mizani na magunia, upande ule vijana wenye sare wamejibana kwenye kivuli cha mwarobaini.

"Swali la nne umepata ngapi?"

"Mbili nukta tano."

"Basi umechemsha, bwana!"

Mmoja ananyamaza. Mwingine anachora grafu mchangani kwa kijiti, anafuta kwa kiganja, anachora tena. Dakika kumi hazijaisha, tayari kuna aliyejiona Mlimani na kuna anayehesabu heka za baba yake.

Walimu hawapendi mchezo huu. Pepa la jana, wanasema, litakuharibia la kesho. Wana haki yao, maana nimeona jamaa akishindwa kula kwa sababu ya alama moja ya kutoa. Lakini mimi nasema kivuli kile ni mahali karibu pekee ambapo mtahiniwa huambiwa kwa nini jibu lake si sahihi. Karatasi ikishakusanywa haisemi nawe tena. Itarudi ikiwa herufi moja, basi. Na tangu zamani anayeiandika herufi hiyo huwa mbali.

Tazama Tabora wakati wa mkoloni. Julius Nyerere alitoka shule ya pale akaingia Makerere mwaka 1943, baada ya kupita kwenye mtihani wa kuingilia chuo. Mlango wa elimu ya juu kwa kijana wa Tanganyika ulikuwa Kampala. Baadaye ikaja mitihani ya Cambridge, na karatasi zikavuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza. Fikiria: mtoto wa mkulima wa pamba anaandika jibu kwenye jua la Usukuma, na anayelisoma ni mtu asiyejua hata mvua ya huku hunyesha lini.

Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatungwa sheria ya Baraza letu wenyewe. Jibu likarudi nyumbani, ingawa nyumbani penyewe ni Dar es Salaam.

Haukupita muda, kupata jibu sahihi kukawa hakutoshi. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi walau miaka miwili, na kazini na kwenye chama wamsemee vizuri. Wasichana walilegezewa baadaye. Sasa hapo vijana wangelinganisha nini? Swali la nne unaweza kulibishania kwa kijiti mchangani. Atakachoandika mwenyekiti juu yako hakina njia ya kukokotoa.

Halafu kuna kulinganisha kwa aina nyingine, kule kunakofanyika kabla ya pepa. Mwaka 1998 mtihani wa kidato cha nne ulivuja, ukafutwa, watu wakaurudia. Aliyekesha na koroboi na aliyenunua maswali wote walirudishwa kwenye madawati yale yale. Huyo wa koroboi ndiye ninayemwonea uchungu mpaka leo, maana alikwisha kuhakiki majibu yake nje, akajua amepata.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni la kidato cha nne 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na watahiniwa 240,903 wakapewa daraja la sifuri, zaidi ya nusu ya wote. Nchi ikazizima. Serikali ikaunda tume, na Mei 2013 ikatamka kwamba matokeo yale yanafutwa, alama zipangwe upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Yakatoka matokeo mapya. Maelfu wakahama kutoka sifuri bila kuandika neno jipya hata moja. Karatasi ni zile zile, majibu ni yale yale, wino ule ule.

Wengi wa wenzao walibaki na sifuri yao, na hao hatukuwasikia sana magazetini. Lakini hao waliohama, kati ya Februari na Mei walikuwa wameitwa mbumbumbu. Wengine walikwishaanza biashara ya nyanya, wengine walikwishafuata dhahabu Geita. Na miongoni mwao hawakukosa waliotoka chumbani Oktoba iliyotangulia, wakakaa chini ya mti, wakalinganisha majibu na wenzao, wakaambiwa: hilo umepata.