Kijasumu cha Kipindupindu

Anayeteka maji ya ziwa pale Rumonge huingia mpaka magotini, akasukuma povu na magamba ya ndagala kwa kiganja, kisha akalilaza dumu lake, bido kama wasemavyo Burundi, maji yakaingia. Maji yenyewe ni maangavu. Kokoto za chini zinahesabika. Sasa mhudumu wa afya akimwambia kwamba maji hayo yana vijidudu, atamwaminije? Kidudu anakijua: kina miguu, kinatambaa. Ametazama, hakukiona.

Uchunguzi wa mlipuko wa kipindupindu uliopiga Rumonge mwaka 1992, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba waliokunywa maji ya ziwa na waliooga humo ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo neno tunalomwambia mtekaji si jambo dogo.

Kitaalamu tunasema bakteria, kutoka Kigiriki, maana yake kijiti. Huyu wa kipindupindu amepinda kama alama ya mkato; Filippo Pacini alimwona kwa hadubini kule Italia mwaka 1854, na Robert Koch akamthibitisha miaka thelathini baadaye. Bakteria ni neno zuri la jumla, ila halimshutumu yeyote: wamo pia wanaogandisha maziwa yetu ya mtindi.

Wengine husema vimelea. Silikubali hapa. Kimelea huota juu ya mwingine na kuishi kwa jasho lake, lakini bakteria wa kipindupindu anaweza kuishi majini bila mtu yeyote. Virusi ndiyo kabisa si yeye, ingawa Kirundi kina neno moja, umugera, linalowabeba wote wawili.

Kuna kijasumu. Neno hili nalipenda, kwa sababu sumu imo ndani yake, na kipindupindu hakiui kwa kutafuna utumbo. Kijasumu kikifika katika utumbo mwembamba hutoa sumu, na sumu hiyo huzifanya chembe za utumbo zimwage maji na chumvi za mwili bila kusita. Mgonjwa huharisha maji yanayofanana na yale ya kuoshea mchele. Macho humdidimia, misuli ya miguu ikamkaza kwa maumivu. Asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Akiwahishiwa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, au dripu ikiwa amezidiwa, wanaokufa hawafiki hata mmoja katika mia. Kiuavijasumu ni msaada wa pili. Hakirudishi maji yaliyopotea.

Basi napendekeza bakteria libaki jina la kabila zima, na kijasumu tukiweke kwa wale wanaomdhuru binadamu.

Ila kuna hatari moja ambayo mwalimu wa afya asiipuuze. Neno sumu likitamkwa peke yake ufukweni, watu watauliza nani ameitia ziwani, na jirani asiye na kosa anaweza kunyooshewa kidole. Kwa hiyo aseme sentensi nzima: kijasumu hiki hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, huingia majini, sumu yake huitengenezea tumboni mwako, nacho hufa maji yakitokota.