Homestead, 1892: Vita ya wafanyakazi wa chuma mtoni

Julai 6 ni kumbukumbu ya mapigano ya Homestead, mji mdogo kando ya Mto Monongahela, karibu na Pittsburgh, Marekani. Pale palipokuwa na kiwanda kikubwa cha chuma cha pua sasa pana maduka, mikahawa na sinema. Yamebaki mabomba 12 ya moshi na jengo la pampu za maji.

Kiwanda kilikuwa cha Andrew Carnegie, mzaliwa wa Scotland. Mwaka 1886 tajiri huyu aliandika makala kutetea haki ya wafanyakazi kuungana. Mkataba na chama cha mafundi ulipokaribia kwisha, Juni 30, 1892, yeye alikuwa Scotland, na kazi ya kukivunja chama alimwachia meneja wake, Henry Clay Frick. Hilo, kwangu, ndilo doa lake kubwa kuliko yote.

Frick alitaka malipo yapungue. Alizungushia kiwanda uzio mrefu wa mbao, juu seng'enge, ubavuni matundu. Watu wakauita Ngome ya Frick. Kisha akawafungia nje wafanyakazi. Wanachama walikuwa takriban 800 tu kati ya watu 3,800, lakini hata vibarua wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, wasio na kadi ya chama, walisimama nao.

Usiku wa kuamkia Julai 6, Frick aliwaleta walinzi 300 wa kukodiwa wa kampuni ya Pinkerton, wamefichwa ndani ya matishari mawili yaliyovutwa na boti. Walinzi wa zamu wa wafanyakazi waliwaona mapema. King'ora kikalia, na wanaume, wanawake na watoto wakakimbilia ukingoni. Nani alitangulia kufyatua risasi, kila upande ulimnyooshea mwenzake kidole. Boti ikaondoka na majeruhi, matishari yakabaki yamekwama. Kutwa nzima watu wa Homestead walijaribu kuyateketeza: walisukuma chelezo la moto, wakateremsha behewa linalowaka, wakamwaga mafuta mtoni, wakarusha baruti. Jioni walinzi wa Pinkerton wakasalimu amri. Hugh O'Donnell, kiongozi wa wafanyakazi, aliahidi kwamba wangetoka salama, lakini umati wenye uchungu wa maiti zake uliwapiga vibaya njiani. Watu wasiopungua 10 walikufa, wengi wao wafanyakazi.

Siku chache baadaye gavana wa Pennsylvania alipeleka wanamgambo 8,500, na nyuma yao wakaingia wafanyakazi wapya. Julai 23, Alexander Berkman, mwanaharakati ambaye hakuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimpiga Frick risasi. Frick alipona, walioumia ni wagomaji, maana huruma ya umma ilipungua. Novemba wakashindwa. Vyama havikurudi kwa nguvu katika chuma hadi mwaka 1937, na kiwanda kilifungwa mwaka 1986.

Carnegie aliuza kampuni mwaka 1901 kwa dola milioni 480, na dunia inamkumbuka kwa maktaba alizojenga. Mojawapo ilifunguliwa jirani na kiwanda hichohicho mwaka 1898, kwa watu ambao wengi wao walifanya kazi saa 12 kwa siku. Fedha zile zilitokana na jasho lao. Sisi tunaoadhimisha Mei Mosi hutaja mapambano ya wafanyakazi wa Chicago kila mwaka. Viongozi wetu wa vyama vya wafanyakazi waitaje na Homestead.