Waya wa Rhodes na swali la mdau wa Sumbawanga

Wadau, juzi jamaa yangu mwenye maduka mawili, Sumbawanga mjini na Kasanga, kaniuliza: aunganishe kompyuta zake kwa mtandao binafsi, au alipie huduma ya kumpelekea taarifa kila mauzo yanapofanyika?

Nikamwambia, hapa Ufipa swali hili ni la zamani. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II ruhusa ya kupitisha waya wa telegrafu kwenye koloni lake, ili Cape Town iongee na Cairo. Akakubaliwa. Waya ukatoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ukapita upande wetu wa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Rhodes akafa 1902. Cairo haukufika.

Waya ulikuwa na haraka, lakini ukikatika popote, kimya. Barua ya tarishi ilichelewa, ila ilimsubiri mwenyewe.

Umeme wetu mnaujua. Basi taarifa za mauzo apewe tarishi, anayerudi kugonga mpaka mlango ufunguliwe. Hesabu za siri zibaki kwenye waya wake, maana tarishi naye ana macho.

Nyie mnasemaje?