Kumsaidia nyumbani mtu anayeacha tramadoli

Tramadoli ni dawa ya maumivu iliyo karibu na morfini. Waganga huitoa kwa sababu nzuri, lakini wengi huinunua bila karatasi ya daktari, wakiimeza ili wavumilie kazi nzito. Mwili ukiisha kuizoea, siku ya kuikosa mtu huugua. Huyo hana pepo, wala si mvivu. Ni mgonjwa.

Dalili

Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kidonge cha mwisho: jasho, mafua, miayo, tumbo kukata, kuhara, kutapika, miguu isiyotulia, usingizi kukosekana, woga mwingi. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu. Wengi hupata nafuu ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa usingizi na furaha hukawia kurudi.

Kabla ya kuacha

Mpeleke kwanza kituo cha afya. Aliyezoea vidonge vingi asikate ghafula. Mganga ampangie kupunguza kidogo kidogo. Mama mjamzito, mwenye kifafa, na anayetumia pia pombe au Valium kila siku wasijaribu peke yao nyumbani.

Nyumbani

- Anywe mara kwa mara, kidogo kidogo. Akihara, mtengenezee maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.
- Ale uji, ndizi, wali laini. Huu si wakati wa kumfungisha chakula wala maji.
- Kitambaa chenye maji ya moto kiasi hutuliza tumbo na miguu. Paracetamol husaidia maumivu; mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku.
- Asipewe pombe wala dawa ya usingizi ya jirani.
- Asifungiwe chumbani, wala asiachwe peke yake.

Mpeleke hospitali mara moja

Akipata degedege, akizimia, akichanganyikiwa, akitapika kila anachokunywa, asipokojoa, au akisema anataka kufa. Akiwa na homa, apimwe malaria. Akihara maji mengi meupe kama maji ya mchele, fikirieni kipindupindu.

Hatari inayosahauliwa

Baada ya siku chache tu bila dawa, mwili hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Akirudi na kumeza kama alivyozoea, pumzi inaweza kukatika usingizini. Kwa hiyo vidonge vilivyobaki viondolewe nyumbani kwa ruhusa yake, na mwenyewe aelezwe jambo hili waziwazi.

Akianguka tena, asiaibishwe mbele ya kanisa. Aliyeaibishwa hujificha, na anayemeza kwa siri hana wa kumwamsha. Wapendwa, tuombe pamoja naye, tumletee uji, na kesho yake turudi kumtazama.